Vipimo Safi, Bado Panauma: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Maumivu Sugu ya Ukeni

Ujumbe ninaoletewa na akina dada wa hapa Dar hufanana hadi nakaribia kuukariri. Ametibiwa yutiai (U.T.I, maambukizi ya njia ya mkojo) mara nne. Ametibiwa fangasi hadi mwuza duka la dawa anamjua kwa jina. Ameambiwa ni chango, akanywa mizizi. Tendo la ndoa bado linamchoma kama kapakwa pilipili, na safari ya mwisho maabara wamemwambia, "Dada, huna kitu."

Wengi hukwama mahali pamoja. Wanafika kwa daktari na sentensi moja tu, "naumwa huku chini". Sentensi hiyo inabeba magonjwa zaidi ya kumi, na kwenye foleni ya watu sitini jibu jepesi kuliko yote ni dawa ya fangasi. Mwongozo huu ni wa kuivunja sentensi hiyo vipande vidogo ambavyo daktari anaweza kuvifanyia kazi, huku ukilinda ndoa na raha yako wakati majibu hayajapatikana. Mimi ni mwandishi, si daktari, kwa hiyo humu hakuna dawa ya kujinunulia.

Maumivu huitwa sugu yakipita miezi 3. Mwaka 2015 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa eneo hili vilikubaliana kwamba maumivu ya sehemu za nje za uke yaliyodumu angalau miezi 3, bila chanzo kinachoonekana, yaitwe vulvodinia. "Bila chanzo kinachoonekana" haina maana kwamba unajifanyisha. Utafiti mmoja wa eneo la Boston, Marekani, uliochapishwa 2003, uliwauliza wanawake karibu 5,000, na takriban asilimia 16 walisema wamewahi kupitia maumivu ya aina hii. Karibu asilimia 40 ya hao hawakuwahi kutafuta matibabu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wengine tumezaa na bado tunaficha.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu ya nyumbani huchezewa na watoto, usiandike humo.
- Kioo cha mkononi.
- Vijiti vya pamba, vile vya masikio.
- Jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na manukato. Duka la dawa wanayo.
- Chupi za pamba zisizobana.
- Vyeti vyote vya zamani, majibu ya maabara, hata maboksi ya dawa ulizomaliza.
- Mlango unaofungwa. Kwa aliyepanga chumba na sebule, choo cha kuchangia na watoto wanne, hiki ndicho kifaa kigumu kupatikana. Tafuta nusu saa ambayo wenzako wako kazini na shuleni.
- Wiki 4 za subira.

## Usisubiri wiki hizo kama una dalili hizi

Nenda hospitali leo ukiwa na homa pamoja na maumivu ya chini ya kitovu, au hedhi imechelewa na upande mmoja wa tumbo unauma sana, kwani inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Damu inayotoka baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi, kidonda au uvimbe usiopona, na mkojo au kinyesi kinachovuja ukeni, navyo havihitaji daftari. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake.

## Hatua ya 1: Acha kila unachotia (wiki 2)

Najua hatua hii itagombana na somo wako. Shabu, ndimu, maji ya chumvi, sabuni ya kunukia, dawa za kubana, vidonge vya kusafisha, tishu zenye manukato: weka vyote pembeni. Nawa nje kwa maji matupu, ndani usiguse.

Sababu ni hii. Ngozi ya mlango wa uke ni nyembamba kuliko unavyodhani, na vitu vikali huiunguza taratibu. Ngozi iliyoungua huwasha, hubadilika rangi na kuchoma, kwa hiyo unadhani ni fangasi na unaongeza dawa juu yake. Ndani nako kuna bakteria walinzi wanaoutunza uke katika hali ya uchachu. Ukiwasafisha, unawafungulia mlango wale wabaya. Na huo ukavu unaosifiwa kwenye mafunzo ndio unaochana. Kungwi alifundisha mengi mazuri, hili tumwachie.

Krimu ya kupaka ngozi yenye steroidi, hasa zile za kujichubua, isisogee huko kabisa. Kama uliandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa ngozi wa sehemu hiyo, hiyo ni habari nyingine: endelea nayo, usiikatishe mwenyewe.

Acha pia kununua dawa za fangasi kwa kukisia. Watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 95 waliokuwa wakijinunulia dawa hizo, majibu yaliyochapishwa 2002, na ni kama mmoja tu katika kila watatu aliyekuwa na fangasi kweli.

Ukifanikiwa: kuchoma baada ya kunawa au kukojoa kunapungua ndani ya siku 14. Wapo ambao maumivu yote huishia hapa. Kama ni wewe, funga ukurasa, nenda kapike.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya maumivu

Funga mlango, kaa mkao wa kuchuchumaa au egemea ukuta, weka kioo. Uwazie mlango wa uke kama uso wa saa ya ukutani: namba 12 iko juu upande wa kinena, namba 6 chini upande wa haja kubwa. Angalizo kwa sisi Waswahili: tumia namba kama zilivyoandikwa usoni mwa saa, usisome kwa majira yetu. Ukimwambia daktari "saa kumi na moja" ukiwa na maana ya namba 5, mtatafuta maumivu upande usio wake.

Lowanisha kijiti cha pamba, gusa kwa wepesi kama unayegusa kope. Anza mapajani, njoo kwenye mashavu ya nje, kisha mashavu ya ndani, mwisho ukingo wa mlango wenyewe, namba kwa namba. Kila ukigusa andika alama kutoka 0 (hakuna kitu) hadi 10 (huwezi kuvumilia). Chora duara kwenye daftari na ujaze namba zako.

Hivi ndivyo madaktari wenyewe hupima. Inasaidia kwa sababu mahali panapouma husema mengi:

Kama ni mguso tu, kwenye ukingo wa mlango, hasa karibu na namba 5 hadi 7, hilo ni eneo linalosumbua wengi wenye vulvodinia ya kuguswa. Kama mlango uko salama lakini panauma ndani, uume unapogonga mwisho, daktari atawaza kizazi, mirija, uvimbe au endometriosi (nyama kama ya ndani ya kizazi inayoota nje yake). Ngozi ikiwa nyeupe, imesinyaa kama karatasi na inawasha usiku, mwombe aangalie kwa makini kama ni ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni. Maumivu ya upande mmoja yanayozidi ukikaa na kupungua ukisimama yanaelekeza kwenye neva. Na kovu la kuongezewa njia wakati wa kujifungua hujulikana lenyewe, panauma palepale palipo mshono.

Usijitie kidole kwa nguvu kutafuta maumivu. Ukifika 7 kwa mguso mwepesi, acha, umeshapata jibu.

Ukifanikiwa: unaweza kusema sentensi kama hii bila kubabaika, "Panauma nikiguswa tu, kwenye namba 5 na 7, alama 7 kwa 10, ndani hapaumi."

## Hatua ya 3: Daftari la siku 28

Kila usiku mstari mmoja: tarehe, siku ya hedhi, kilichochokoza, alama, muda uliochukua kutulia. Mfano: "Siku ya 19. Bodaboda Mbagala hadi Kariakoo. 5. Ilitulia baada ya saa moja." Siku isiyo na maumivu nayo iandikwe. Maumivu yanayopanda na kushuka pamoja na hedhi yanaelekeza endometriosi, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ujibu maswali machache. Yalianza usiku wa kwanza kabisa, au mliishi vizuri miaka kadhaa ndipo yakaja? Unanyonyesha au umekaribia kukoma hedhi? (Homoni ya estrojeni hushuka nyakati hizo na uke hukauka.) Ulibadilisha njia ya uzazi wa mpango? Ulikeketwa? Dar imekusanya watu wa kila mkoa, na daktari hawezi kukisia kwa kuangalia sura yako.

Swali moja nataka nilikalie kidogo, kwa sababu husahaulika: ulikulia wapi, na ulioga maji gani? Kama utoto wako ulikuwa Mwanza, Shinyanga, Pemba, au popote penye madimbwi, mito na mabonde ya mpunga, andika. Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Mayai yake huweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, yakaleta maumivu wakati wa tendo, uchafu na damu, dalili zinazofanana kabisa na magonjwa ya zinaa. Mwanamke anatibiwa kisonono asichokuwa nacho, na mume anashukiwa bure. Kipimo cha mkojo kinaweza kutoka safi wakati mayai yamekaa kwenye nyama. Tiba ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Inaua minyoo, lakini mabaka yaliyokwisha kujijenga hayaondoki haraka, kwa hiyo maumivu yakibaki baada ya dozi si lazima iwe dawa feki.

Ukifanikiwa: kurasa mbili zinazosomeka kwa dakika 2. Zikizidi hapo, hakuna atakayezisoma.

## Hatua ya 4: Simamisha kinachouma, usisimamishe mapenzi

Hapa ndipo wengi huanguka, na ndipo utafiti wa miaka 20 iliyopita umesema jambo la maana kuliko vidonge.

Tumelelewa kuvumilia. Unauma meno, unaangalia dari, unasubiri amalize. Mwili haujui kwamba unatunza ndoa. Unajua tu kwamba ukiguswa unaumizwa. Mara inayofuata misuli ya nyonga inajikaza kabla hata hajakugusa, ute haushuki, mlango unabana, panauma zaidi. Hamu nayo huondoka, na ina haki ya kuondoka. Kila usiku wa kuvumilia unaongeza tofali kwenye ukuta huo.

Sophie Bergeron na Natalie Rosen, watafiti wa Kanada, wamefuatilia namna wenzi wanavyoitikia maumivu haya. Anayekasirika na kununa huendana na maumivu makali zaidi, hilo halimshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba hata anayehurumia kupita kiasi, anayesitisha kila kitu na kukulaza kama mgonjwa wa kipindupindu, naye huendana na maumivu zaidi. Wanaoendelea vizuri ni wale ambao mwenzi anatia moyo: "Hapa je, panafaa? Basi tubaki hapahapa." Katika jaribio lao la jozi 108 za wenza, lililochapishwa 2021, nusu walipewa tiba ya mazungumzo wawili wawili na nusu dawa ya ganzi ya kupaka. Maumivu yalipungua pande zote mbili, lakini waliotibiwa pamoja walipungukiwa zaidi na hofu ya maumivu.

Kwa hiyo weka makubaliano ya wiki 4: hakuna kuingiza. Kukumbatiana, kubusiana, kukandana, kuoga pamoja, na mengine ambayo somo alikufundisha na hayaumi, ruhusa. Makubaliano yafanyike mchana, mmeshiba, mbali na kitanda. Ukiyaanzisha usiku taa imezimwa, yatasikika kama kunyimwa.

"Baba Rehema, nina jambo, usikasirike."

"Sema, mama."

"Tukikutana naumia. Si kwamba sikutaki. Nimeanza kufuatilia matibabu, nataka tupumzike kuingiliana mwezi huu, ila usinihame kitandani."

Sentensi ya mwisho usiiache. Wengi wetu tunavumilia kwa kuogopa ataenda nje, na yeye anajitenga kwa kudhani amechukiwa. Mkiachana na kuingiliana bila kubaki na kitu kingine, hofu zote mbili zinatimia.

Tahadhari mbili. Kama mwenzi wako hupiga au hulazimisha, usifanye mazungumzo haya peke yenu; anza na mtu unayemwamini au dawati la jinsia kituo cha polisi. Na mafuta ya nazi, hata kama yanalainisha vizuri, hudhoofisha kondomu za mpira. Mnaotumia kondomu bakini na jeli ya maji.

Ukifanikiwa: kuna usiku mnagusana na mwili wako haujajikaza.

## Hatua ya 5: Siku ya hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya, hasa kama bima yako inadai barua ya rufaa. Kutoka hapo, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala, na juu yake Muhimbili. Uliza mapema siku ya kliniki ya magonjwa ya wanawake. Nenda ukiwa huna hedhi, usijisafishe ndani, usitie dawa yoyote ukeni siku chache kabla.

Ukiingia, salimia, kaa, toa daftari. "Shikamoo dokta. Nina maumivu ya mlango wa uke, mwezi wa 14 sasa. Nimeandika hapa." Kisha nyamaza asome. Wanawake wengi hujaza ukimya huo kwa kuomba radhi, usiombe.

Una haki ya kuomba daktari wa kike kama yupo, kuwa na nesi au ndugu chumbani, kuomba kifaa kidogo cha kupimia, na kusema "subiri" katikati ya kipimo. Sema kabla hajaanza kwamba unaumia kuguswa. Mwombe aanze na kijiti cha pamba, kifaa baadaye.

Omba majimaji ya uke yaangaliwe kwa darubini, maana kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi. Kama hujachunguzwa mlango wa kizazi, unganisha siku hiyohiyo. Ultrasaundi ikitoka safi, furahi, lakini kumbuka kwamba endometriosi nyingi hazionekani humo.

Kuhusu antibiotiki: kutibiwa kwa kuangalia dalili mara ya kwanza ni utaratibu wa kawaida, usigombane na mtu. Dalili zilezile zikirudi mara ya pili, ndipo uulize kwa adabu, "Dokta, kabla ya dozi nyingine, tunaweza kuotesha vijidudu?"

Ukifanikiwa: unatoka na jina la tatizo, au orodha ya yaliyoondolewa na hatua inayofuata. "Huna kitu" si jibu. Uliza, "Kama si maambukizi, tunachunguza nini baada ya hapo: ngozi, neva, homoni au misuli?"

## Hatua ya 6: Legeza misuli

Katika jaribio la Kanada lililochapishwa 2021, wanawake 212 waligawanywa: wengine fiziotherapia (tiba ya mazoezi) ya misuli ya nyonga kwa wiki 10, wengine ganzi ya kupaka kila usiku. Waliosema wamepata nafuu kubwa walikuwa asilimia 79 upande wa fiziotherapia na asilimia 39 upande wa ganzi. Uliza idara ya fiziotherapia kama kuna anayeshughulikia nyonga. Wengi wamezoea migongo na viharusi, kwa hiyo uliza kwa jina.

Nyumbani anza hivi. Lala chali, magoti juu, mkono tumboni. Vuta pumzi hadi tumbo liinuke, na usikie njia ya chini ikishuka kama unayeanza kukojoa. Toa pumzi polepole, usibane. Dakika 5 asubuhi, 5 usiku.

Usifanye mazoezi ya kubana kama unazuia mkojo. Yanasifiwa kila kona, na kwa mtu ambaye misuli yake tayari imekaza yanaweza kuzidisha maumivu.

Pumzi ikishazoeleka, baada ya wiki 2 au 3, weka ncha ya kidole chako chenye jeli mlangoni ukiwa unapumua. Hakiingii, kimekaa tu. Alama ikibaki chini ya 3 kwa siku kadhaa, sogeza kidogo. Ikipanda, rudi nyuma bila kujilaumu. Kidole cha mwenzi ni baadaye sana, na mkono wake uongozwe na wako.

Ukifanikiwa: kidole kimoja kinaingia, pumzi haijakatika.

## Hatua ya 7: Dawa anazoweza kukupa daktari

Nazitaja ili usishtuke ukiziona kwenye cheti. Ganzi ya lidokeini ya kupaka. Krimu ya estrojeni kwa anayenyonyesha au aliyekoma hedhi. Steroidi kali ya kupaka kwa laikeni, hapo inahitajika kweli. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Jirani atakwambia ni dawa ya wenye akili mbovu, lakini hutumika pia kutuliza neva, ingawa haiwasaidii wote. Huanzwa na kuachwa taratibu. Upasuaji wa kuondoa ngozi ya mlango wa uke upo, na huja mwisho, baada ya mengine kushindikana.

## Kwa akina kaka

Wanaume nao huumwa nyonga, korodani na njia ya haja kwa miezi, wakimeza antibiotiki dozi baada ya dozi wakati wengi wao hawana bakteria. Daftari, pumzi na fiziotherapia vinawahusu vilevile. Isipokuwa korodani ikianza kuuma ghafla na kuvimba: hapo kimbia, kwa sababu ikiwa imejinyonga una kama saa 6 za kuiokoa.

## Wiki ya 12

Rudia hatua ya 2 kwa kijiti kipya cha aina ileile, uso uleule wa saa, bila kutazama namba za zamani. Ukimaliza ndipo ufungue ukurasa wa kwanza. Kutoka 7 hadi 4 ni maendeleo makubwa. Endelea na mazoezi, na kuingiliana kurudi pale tu wewe unapotaka, ukiwa juu, ukishika usukani wa kina na mwendo. Kama namba hazijasogea, chora duara la pili kando ya lile la kwanza, chukua ukurasa huo urudi nao kliniki, na safari hii omba barua ya rufaa kabla hujainuka kitini.